Hesabu za mafumbo za eneo: kutoka jamvi la karafuu hadi shamba la eka tatu

Mwandikie mwanafunzi wa kidato cha pili ubaoni x² + 2x − 24 = 0, mara nyingi atalimaliza. Atatafuta namba mbili, ataweka mabano, atakuletea 4 na −6. Sasa mwambie mwanafunzi huyohuyo kwamba jamvi la kuanikia karafuu lina eneo la mita za mraba 24, na urefu wake unazidi upana kwa mita 2. Muulize lina upana gani. Hapo kalamu inasimama, na wakati hesabu ni ileile.

Aljebra anayo. Kinachomkwamisha ni kazi mbili ambazo hupitwa mbio darasani: ile ya kabla ya mlinganyo, yaani kusoma, kuchora na kuamua x ni nini, na ile ya baada ya mlinganyo, yaani kuyahoji majawabu yaliyotoka. Mwongozo huu umekaa zaidi kwenye hizo mbili. Ya katikati nitaieleza kadiri inavyohitajika, maana hiyo ndiyo unayofanyishwa mazoezi kila siku.

Hatua ya kwanza: soma mara mbili, kalamu ikiwa mezani

Usomaji wa kwanza ni wa kukijua kitu chenyewe. Ni jamvi, ni kiwanja, ni kanga? Kina umbo gani: mstatili, mraba, pembetatu? Usomaji wa pili ni wa kujua unachoulizwa. Kuulizwa upana si sawa na kuulizwa mzingo, na wengi hupata x sahihi wakaiacha hapo, kumbe swali lilitaka urefu.

Maswali ya sekondari huja kwa Kiingereza. Kabla hujaandika lolote, lisimulie swali kichwani kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia mdogo wako: "Kuna jamvi. Refu kuliko lilivyo pana, kwa mita mbili. Ukilitandaza linachukua mita za mraba ishirini na nne. Upana wake?" Ukishindwa kulisimulia, bado hujalielewa, na hakuna kanuni ya hesabu itakayokusaidia mpaka ulielewe.

Jiulize pia kwa nini hapa kunatoka kipeo cha pili. Eneo ni urefu mara upana. Kama urefu na upana vyote viwili vinategemea namba moja usiyoijua, namba hiyo itajizidisha yenyewe, na x² lazima itokee. Kama upande mmoja tu ndio usiojulikana, mlinganyo ni wa kawaida na huna haja ya mwongozo huu. Kwa hiyo ukiona x imo kwenye pande zote mbili za umbo, jiandae kwa kipeo cha pili.

Hatua ya pili: chora, kisha andika juu ya mchoro

Nawasihi wanafunzi wasiiruke hatua hii hata wakiliona swali ni jepesi. Mchoro hauhitaji rula. Mstatili uliopinda kidogo unatosha, mradi kila upande umeandikwa kipimo chake.

Turudi kwa jamvi. Chora mstatili. Upande mfupi uandike x. Upande mrefu uandike x + 2. Katikati andika 24. Sasa mlinganyo umeshaonekana bila kutafutwa:

x(x + 2) = 24

Ningeweza kuufanya urefu ndio x? Ndiyo. Upana ungekuwa x − 2 na mlinganyo ungekuwa x(x − 2) = 24. Majawabu yangetoka 6 na −4 badala ya 4 na −6, lakini jamvi ni lilelile la mita 4 kwa 6. Mimi napendelea kuifanya x iwe kipimo kidogo, kwa sababu kujumlisha kuna makosa machache kuliko kutoa. Lolote utakalochagua, liandike wazi kwenye karatasi: "Acha upana uwe mita x." Sentensi hiyo fupi humsaidia msahihishaji kufuata njia yako, na hukusaidia wewe mwishoni kukumbuka x ilikuwa nini.

Angalia na vizio hapahapa, kabla ya kusonga mbele. Kama upande mmoja umetolewa kwa sentimita na eneo kwa mita za mraba, badilisha kwanza. Mita 1 ya mraba ni sentimita 10,000 za mraba, si 100. Mraba wa mita moja una sentimita 100 kwenda na 100 kushuka, na 100 mara 100 ni 10,000. Chora kamraba hako pembeni mara moja, hutosahau tena.

Hatua ya tatu: peleka kila kitu upande mmoja, upande wa pili ubaki sifuri

Fungua mabano: x² + 2x = 24. Hamisha 24: x² + 2x − 24 = 0.

Hapa kuna kosa linalojirudia sana, tulitazame kwa karibu. Mwanafunzi anaona x(x + 2) = 24, anaandika: "kwa hiyo x = 24 au x + 2 = 24". Ameiga kitu alichokiona kikifanywa kwenye mlinganyo wenye sifuri. Lakini njia ile inafaa kwa sifuri peke yake. Namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, moja kati yake lazima iwe sifuri, hakuna namna nyingine. Zikizidishwa zikatoa 24, zinaweza kuwa 4 na 6, au 3 na 8, au 2 na 12, au 48 na nusu. Huwezi kujua lolote kuhusu moja yao peke yake. Ndiyo maana tunahangaika kuleta sifuri upande mmoja.

Hatua ya nne: pata x

Tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −24 na jumla yake ni 2. Ni 6 na −4. Basi:

(x + 6)(x − 4) = 0

x = −6 au x = 4.

Vigawo vikionekana haraka namna hii, vitumie. Ukitafuta kwa dakika mbili nzima bila kuviona, usiendelee kubahatisha. Nenda kwenye kanuni ya jumla au kukamilisha mraba, ambavyo tutavikuta mbele.

Hatua ya tano: yahoji majawabu

Mlinganyo haujui kwamba unazungumzia jamvi. Umeulizwa namba zinazotimiza sharti, umetoa mbili. Ni kazi yako wewe, unayelijua jamvi, kuamua ipi inakaa. Jamvi halina upana wa mita −6, basi x = 4. Upana ni mita 4, urefu ni 4 + 2, yaani mita 6. Hakikisha: 4 × 6 = 24. Na tofauti ya 6 na 4 ni 2. Masharti yote mawili yametimia.

Hakikisho lifanyike kwenye maneno ya swali, si kwenye mlinganyo wako. Ukiirudisha 4 kwenye x² + 2x − 24 itakubali, lakini ingekubali hata kama mlinganyo wenyewe uliuandika vibaya tangu mwanzo.

Wanafunzi wengi hukariri hatua hii kwa ufupi hivi: "kata jawabu hasi, chukua chanya." Kwa jamvi inafaa. Sasa tuone inavyoharibika.

Kanga: majawabu mawili chanya, moja halifai

Kanga ina pindo linaloizunguka, na katikati ndiyo mji, na ndani ya mji kuna jina. Kwenye kanga halisi pindo la ubavuni na la juu huenda yasiwe na upana mmoja, lakini kwa hesabu hii tuseme upana ni uleule pande zote nne.

Kanga ina urefu wa sentimita 160 na upana wa sentimita 110. Eneo la mji ni sentimita za mraba 10,400. Pindo lina upana gani?

Chora mstatili mkubwa, ndani yake mdogo. Pindo liandike w. Sasa weka kidole kwenye mchoro, ukingo wa kushoto wa kanga, ukipeleke kulia. Unavuka pindo la kushoto, w. Unavuka mji. Unavuka pindo la kulia, w nyingine. Kwa hiyo urefu wa mji ni 160 − 2w, si 160 − w. Hii w moja iliyosahauliwa ndiyo inayowaangusha watu kuliko kosa jingine lolote kwenye maswali ya pindo, njia na fremu. Ukipitisha kidole, hutoisahau. Kutoka juu kwenda chini vilevile: 110 − 2w.

(160 − 2w)(110 − 2w) = 10,400

Fungua mabano: 17,600 − 320w − 220w + 4w² = 10,400.

Panga: 4w² − 540w + 7,200 = 0.

Kila namba inagawanyika kwa 4. Gawanya, ujipunguzie mzigo: w² − 135w + 1,800 = 0.

Namba mbili ambazo zao lake ni 1,800 na jumla yake ni −135: ni −15 na −120.

(w − 15)(w − 120) = 0, basi w = 15 au w = 120.

Yote mawili chanya. Aliyekariri "kata hasi" hana la kufanya hapa. Wengine huandika yote mawili, wengine huchagua kwa kubahatisha. Rudi kwenye mchoro. Kanga nzima ina upana wa sentimita 110. Pindo la sentimita 120 litakaa wapi, tena mara mbili? Haliwezekani. Ukiiweka 120 kwenye mabano unapata 160 − 240 = −80 na 110 − 240 = −130, hasi mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 10,400 chanya. Ndiyo maana mlinganyo uliikubali: hasi mara hasi ni chanya, na eneo likaonekana zuri ilhali pande zake hazipo duniani.

Jawabu ni sentimita 15. Mji ni 130 kwa 80, na 130 × 80 = 10,400.

Ili usikamatwe na hali hii, kabla ya kutatua andika mipaka ya x pembeni ya mchoro. Kwa kanga hii: w lazima izidi sifuri, na 2w lazima iwe chini ya 110, yaani w iwe kati ya 0 na 55. Jawabu likitoka nje ya mipaka hiyo, liache, liwe hasi au chanya.

Banda la kuku: majawabu mawili, yote yanafaa

Mtu anataka kuzungushia wavu banda la kuku nyuma ya nyumba. Ana wavu wa mita 20. Ukuta wa nyumba utakuwa upande mmoja, kwa hiyo wavu ni wa pande tatu tu. Anataka eneo la mita za mraba 48. Vipimo vya banda?

Chora ukuta kwa mstari mnene. Pande mbili zinazotoka ukutani ziite x kila moja. Upande wa tatu, ulio sambamba na ukuta, ni wavu uliobaki: 20 − 2x.

x(20 − 2x) = 48

20x − 2x² = 48, ukipanga na kugawanya kwa 2: x² − 10x + 24 = 0.

(x − 4)(x − 6) = 0. x = 4 au x = 6.

Mipaka: x kati ya 0 na 10. Majawabu yote yamo ndani. x ikiwa 4, banda ni mita 4 kwa 12. x ikiwa 6, banda ni mita 6 kwa 8. Yote yanatumia wavu wa mita 20, yote yana eneo la 48. Mabanda mawili tofauti, na swali halikusema lipi, basi andika yote mawili. Usikate jawabu zima kwa mazoea tu kwamba lazima libaki moja. Mwenye banda ndiye atakayeamua kulingana na nafasi aliyonayo, na mara nyingi swali lenyewe huongeza neno la kukusaidia: "ukuta una urefu wa mita 9 tu". Hapo banda la mita 12 linatoka, linabaki la 6 kwa 8. Maneno madogo kama hayo hayawekwi kwa kujaza nafasi.

Shamba la mwani: hakuna jawabu, na hilo nalo ni jawabu

Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya Zanzibar ambako kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, maji yakitoka unaona mashamba yamepangwa kwa vigingi na kamba hadi mbali. Tuseme mkulima ana kamba ya mita 44 ya kuzungushia mstatili pande zote nne. Anataka mita za mraba 120.

Mzingo ni 44, basi urefu na upana ukivijumlisha ni nusu yake, 22. Upande mmoja x, wa pili 22 − x.

x(22 − x) = 120, yaani x² − 22x + 120 = 0, yaani (x − 10)(x − 12) = 0.

x ni 10 au 12, lakini safari hii ni shamba moja tu: ukichagua 10 upande wa pili ni 12, ukichagua 12 wa pili ni 10. Andika "mita 12 kwa 10", imekwisha.

Jirani yake anasema kwa kamba ileile ya mita 44 yeye amezungushia mstatili wa mita za mraba 130. Mlinganyo: x² − 22x + 130 = 0. Vigawo havionekani. Tumia kanuni ya jumla, ambamo a ni namba iliyo mbele ya x², b iliyo mbele ya x, na c iliyo peke yake:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Anza na kilicho ndani ya kipeuo: 22² − 4 × 1 × 130 = 484 − 520 = −36. Hakuna namba ya kupimia kamba ambayo ikijizidisha inatoa −36. Mstatili huo haupo. Hujakosea popote: hesabu yenyewe imekataa dai la jirani.

Na ukitaka kujua mwisho wa kamba hiyo ni wapi, tafuta eneo linalofanya b² − 4ac iwe sifuri: 484 − 4 × eneo = 0, eneo ni 121. Ni mraba wa mita 11 kwa 11. Kwa mstatili, kamba ya mita 44 haiwezi kuzidi hapo. (Duara lingeweza: ukitumia 22/7, kamba ya mita 44 inatoa nusu kipenyo cha mita 7, na eneo la 154.) Mimi naliona hili kuwa zuri kuliko maswali yote ya sura hii, kwa sababu linaonyesha kwamba b² − 4ac si kipande cha kukariri tu. Linakwambia kama kitu unachokitaka kinawezekana.

Njia ya matofali: pale vigawo vinapogoma

Bustani ya skuli ni mita 12 kwa 8. Inazungushiwa njia ya matofali yenye upana sawa pande zote, kwa nje. Eneo la njia peke yake ni mita za mraba 69. Upana wa njia?

Soma tena: njia peke yake. Eneo la bustani na njia kwa pamoja ni 96 + 69 = 165. Aliyeweka 69 mahali pa jumla anapata njia yenye upana hasi, maana 69 ni ndogo kuliko bustani yenyewe. Dalili hiyo ikitokea, rudi usome swali upya.

Njia iko nje, kwa hiyo safari hii tunajumlisha: (12 + 2x)(8 + 2x) = 165. Ukifungua: 4x² + 40x + 96 = 165, yaani 4x² + 40x − 69 = 0.

Ukitaka kuhakikisha umeandika sawa, ikate njia vipande kwenye mchoro. Vipo virefu viwili vya 12 kwa x, viwili vya 8 kwa x, na kona nne, kila moja x kwa x. Jumla: 24x + 16x + 4x². Ni 4x² + 40x ileile, sawa na 69. Ile 4x² iliyokuwa mgeni kwenye mabano ni kona nne za njia.

Kwa kanuni: a = 4, b = 40, c = −69. b² − 4ac = 1,600 + 1,104 = 2,704, na kipeuo chake cha pili ni 52.

x = (−40 + 52) / 8 = 1.5. Ile nyingine, (−40 − 52) / 8, ni −11.5, haifai.

Njia ina upana wa mita moja na nusu. Hakikisha: 15 × 11 = 165, toa 96, inabaki 69. Chunga ile ishara ya c. Ukiandika 1,600 − 1,104 utapata 496, kipeuo chake hakitoki vizuri, na utadhani swali ni baya.

Eka tatu, na njia ya al-Khwarizmi

Karne ya 9, Baghdad, mwanahisabati Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alifundisha kutatua milinganyo hii kwa kuchora. Mfano wake maarufu, kwa maandishi yetu ya leo, ni x² + 10x = 39. Yeye hakuwa na alama hizi. Aliyaeleza yote kwa maneno na kwa michoro ya maeneo. Fuata kwa kalamu:

Chora mraba wa x kwa x. Hiyo ni x². Ile 10x igawe mara mbili: kanda mbili, kila moja 5 kwa x. Ukanda mmoja uubandike ubavuni mwa mraba, wa pili chini yake. Umbo lako sasa lina eneo la 39, na karibu liwe mraba mkubwa, isipokuwa kona moja imepungua. Kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Ijaze. Eneo linakuwa 39 + 25 = 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande wa 8. Upande huo ni x + 5. Basi x ni 3.

Hii ndiyo "kukamilisha mraba" inayoandikwa vitabuni kwa alama tupu. Unakamilisha mraba kwelikweli, kwa kujaza kona iliyopungua. Aliyeiona kwa mchoro hahitaji kukariri "gawanya b kwa 2, kisha zidisha kwa yenyewe".

Sasa itumie kwa kitu kikubwa. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, mashamba yaligawiwa wananchi kwa eka tatu tatu, na mpaka leo watu husema "shamba la eka tatu". Eka moja ni karibu mita za mraba 4,047, kwa hiyo tatu ni karibu 12,141. Tuseme shamba moja la namna hiyo ni mstatili ambao urefu wake unazidi upana kwa mita 40. Upana ni ngapi?

x(x + 40) = 12,141, yaani x² + 40x = 12,141.

Usihangaike na vigawo vya 12,141. Gawa 40x kuwa kanda mbili za 20. Kona inayopungua ni 20 × 20 = 400. Jaza: 12,141 + 400 = 12,541.

Upande wa mraba mkubwa ni kipeuo cha pili cha 12,541. Kikadirie: 110 × 110 ni 12,100, bado. 112 × 112 ni 12,544, imezidi kidogo mno. Basi ni karibu 112.

x + 20 ni karibu 112, x ni karibu 92. Shamba ni mita 92 kwa 132. Hakikisha: 92 × 132 = 12,144, imezidi kwa 3 tu, na hiyo ni kwa sababu tumekadiria. Andika "karibu mita 92", usiandike 92 tupu. Kwa anayepima shamba kwa kamba, tofauti hiyo haionekani.

Pembetatu, kwa haraka

Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Kosa lake ni moja: kuisahau ile nusu. Tanga la ngalawa lina eneo la mita za mraba 14, na upande wake uliofungwa kwenye foromali (mti unaobeba tanga), ambao tunaufanya kitako, unazidi kimo kwa mita 3. Kimo kiwe x: ½ × x(x + 3) = 14. Zidisha pande zote kwa 2 kabla ya jambo jingine lolote, nusu iondoke: x(x + 3) = 28, x² + 3x − 28 = 0, (x + 7)(x − 4) = 0. Kimo mita 4, kitako mita 7.

Ya kujipima

Yafanye bila kutazama majawabu, na kila moja lianze na mchoro.

La kwanza. Kitalu cha miche ya mikarafuu kilikuwa mraba. Upande mmoja umeongezwa mita 3, wa pili mita 5, na sasa eneo ni mita za mraba 63. Mraba wa mwanzo ulikuwa na upande wa mita ngapi?

La pili. Chumba ni mita 5 kwa 4. Mkeka umetandikwa katikati, na sakafu iliyobaki wazi ina upana sawa pande zote nne. Mkeka una eneo la mita za mraba 12. Sakafu iliyo wazi ina upana gani kila upande?

La tatu. Kwa wavu uleule wa mita 20 na ukuta uleule wa nyumba, je, banda la mita za mraba 50 linawezekana? La 51 je?

Majawabu: La kwanza, (x + 3)(x + 5) = 63, inakuja x² + 8x − 48 = 0, x = 4; kitalu kipya ni 7 kwa 9. La pili, (5 − 2w)(4 − 2w) = 12, inakuja 2w² − 9w + 4 = 0, w = 0.5 au 4. Mita 4 haiingii kwenye chumba cha upana wa mita 4, basi ni nusu mita, na mkeka ni 4 kwa 3. La tatu, kwa 50 mlinganyo ni x² − 10x + 25 = 0, x = 5 peke yake, banda la 5 kwa 10; kwa 51 unapata 2x² − 20x + 51 = 0, na b² − 4ac ni 400 − 408 = −8, haliwezekani.